Namna Mji wa Kale Unavyohifadhiwa

Mwaka wa 1986 mji wa kale wa Lamu ulitangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa mahali pa kuhifadhiwa kwa sheria. Mwaka wa 1991 ikaundwa Tume ya Mipango, kazi yake kuangalia ujenzi na kuwashauri wakuu wa mji. Mwenye nyumba hanyang'anywi mali yake. Ila kabla ya kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa hana budi kuomba ruhusa.

Mkazi wa Huruma, Nairobi, aweza kuuliza: Sisi tusio na majumba ya kale, hayo yatuhusu nini? Na akumbuke jengo la ghorofa lililoanguka hapo tarehe 29 Aprili 2016, likaua watu wapatao 50. Wakuu walisema lilijengwa bila kibali. Basi, Lamu na Huruma, ruhusa na itangulie nyundo.