Elimu kwa Umma: Kitabu cha Zamani Kimeachana, Nikishoneje?

Kongwa na Mpwapwa zimo nyumba zinazotunza Biblia ya Union Version, tafsiri iliyokamilika mwaka 1952, ambayo kurasa zake za mwanzo zimeandikwa majina ya waliozaliwa na waliofariki. Kondoa utakuta Msahafu wa babu. Gamba limeng'oka, kurasa zinadondoka. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa kwa mkono, ila matengenezo mazuri ni yale ambayo fundi wa kesho ataweza kuyafumua.

Je, nibandike selotepu?

Hapana. Gundi yake hupenya ndani ya karatasi, hugeuka njano kisha kahawia, na plastiki ikibanduka linabaki doa lisilotoka. Gundi nyeupe ya maseremala nayo si ya kurasa. Ikishakauka, kuitoa ni kuchana.

Basi nitumie gundi gani?

Wanga wa ngano au wa muhogo. Changanya kipimo kimoja cha wanga na vitano vya maji baridi, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito na kung'aa, upoe, kisha uchuje kwa kitambaa. Ukichacha mwaga. Pakaza kidogo mno, maana wanga mwingi unaalika mende.

Ukurasa umechanika.

Tafuta karatasi nyembamba, imara, isiyong'aa. Bora kuliko zote ni ya Japani, inayotengenezwa kwa magome ya mforsadi. Chana ukanda kwa mkono badala ya kuukata kwa mkasi, kwa sababu nyuzi zinazotokeza pembeni ndizo zinazoshika. Upake ukanda huo wanga, ubandike juu ya mpasuko, weka plastiki juu na chini, kisha kandamiza kwa tofali lililofungwa kitambaa hadi kesho yake.

Uzi umekatika, nishoneje upya?

Vitabu vingi vya zamani vimeshonwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja. Yape namba kwa penseli laini kabla hujagusa chochote. Uzi wa zamani ukate, usiuvute. Pitisha uzi wa kitani katika matundu yale yale, kila fungu lifungamane na lililo chini yake. Kaza kwa kiasi; ukizidisha, mkunjo unapasuka. Kisha bandika mgongoni kitambaa cha pamba kinachozidi pande zote mbili. Mazidio hayo ndiyo yanayoshika gamba. Gamba la zamani likifaa, lirudishe hata kama lina mikwaruzo. Jipya la kung'aa hukifanya kitabu kionekane cha dukani.

Ukikunja kona ya ukurasa ikakatika, usishone kabisa. Karatasi ya rojo la miti, iliyoenea tangu karne ya 19, huliwa na asidi yake yenyewe. Piga picha kurasa zote, kitabu kiweke kwenye boksi. Vipande vya Msahafu visiende jalalani.

Na mchwa?

Ukavu wa Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba huzuia kuvu, lakini mchwa hawajali kiangazi. Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta. Usipulizie dawa kwenye kurasa. Kitabu chenye wadudu kifunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa, kikae kwenye friza wiki mbili, na usikifungue mpaka kirudie joto la chumba.

Daftari la zamani la ofisi ya serikali usilifanyie majaribio. Nyaraka za umma zinalindwa na Sheria Namba 3 ya mwaka 2002; toa taarifa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.