Siki ya Tufaha na Miguu ya Mbwa Wakati wa Masika

Chupa ya siki ilikuwa na picha ya tufaha jekundu, na pembeni yake picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa. Bei yake ingenunua mifupa na utumbo wa kumlisha mbwa wangu Tomi wiki nzima. Nyuma ya chupa, bandiko la bei lilikuwa limekaa juu kabisa ya orodha ya vilivyomo. Nililibandua kwa ukucha palepale kaunta, risiti ikiwa bado mkononi, nikasoma: maji, asidi asetiki, rangi ya karameli, ladha ya tufaha. Basi. Tufaha lenyewe halikuwemo, na nguvu ya hiyo asidi haikuandikwa popote.

Nikamwambia kijana wa kaunta anirudishie hela. Akasema mali ikishauzwa hairudi, akanionyesha na kibao ukutani. Nikamwuliza kama kibao hicho kinahusu pia mali iliyofichwa maelezo yake. Akasema bandiko limekaa pale kwa bahati mbaya. Nikachukua chupa nyingine rafuni, na nyingine, na nyingine: bandiko lilikuwa mahali hapohapo kwenye zote. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja aliyembeba mtoto wa mbwa kwenye kikapu, naye mkononi ana chupa ileile. Nikaanza kumsomea orodha kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. Akairudisha chupa yake rafuni bila kusema kitu. Hapo ndipo mwenye duka alipotoka chumba cha nyuma na kunihesabia hela yangu yote.

Nimefurahi kuipata, lakini kinyongo hakijaisha, kwa sababu najua zile chupa bado zipo rafuni na wapo watu wanaozinunua kwa kuwapenda mbwa wao.

Mwingine atauliza: kama kinachofanya kazi kwenye ngozi ni asidi, ugomvi wa nini? Ugomvi ni huu. Siki nyeupe ya jikoni ina asidi hiyohiyo kwa bei ndogo sana, na chupa nzuri inaandika asilimia yake. Huyu mwenye chupa ya tufaha ameuza maji yenye rangi kwa bei ya tunda, hakuandika nguvu yake, halafu akaweka marashi ya tufaha ambayo ngozi iliyokwisha kuwashwa haiyahitaji hata kidogo. Usipojua asilimia, huwezi kuchanganya. Usipoweza kuchanganya, unamfanyia mbwa wako bahati nasibu.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa naitafuta. Tomi ni chotara, mama Labrador na baba mbwa wetu wa kienyeji, manyoya yake ya rangi ya krimu. Kila masika inapoingia Dar es Salaam, kuanzia Machi mpaka Mei, barabara yetu huku Mbezi inakuwa tope tupu, na Tomi anaanza kulamba miguu. Analamba mchana, analamba usiku, mpaka ile sauti inaingia chumbani na usingizi unakatika. Manyoya katikati ya vidole yanageuka kahawia iliyopauka, rangi inayoachwa na mate. Ukiukaribia mguu unanusa harufu ya unga uliochacha.

Daktari wa mifugo alibandika kipande cha seloteipu kati ya vidole, akakibandua, akakiweka chini ya hadubini. Akaniita nione mwenyewe: vijidudu vya mviringo, vingi, vimejazana. Ni fangasi aitwaye Malassezia pachydermatis. Huyu huishi kwenye ngozi ya mbwa hata akiwa mzima, lakini unyevu ukikaa muda mrefu, au mbwa akiwa na mzio wa viroboto, wa vumbi au wa chakula, fangasi huyo anazaliana kupita kiasi na mwasho unaanza. Tomi alitibiwa kwa shampuu yenye klorheksidini na mikonazoli, akapona. Kisha daktari akasema kwamba ili tatizo lisirudi kila baada ya mvua, naweza kumsafisha miguu kwa siki iliyochanganywa na maji, mradi ngozi haina kidonda. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Ngozi ya binadamu ina uasidi kidogo. Ya mbwa iko karibu zaidi na kati. Fangasi hawa hawapendi asidi asetiki, na dawa kadhaa za kusafishia masikio ya mbwa zinazouzwa na madaktari zina asidi hiyohiyo ndani. Kwa hiyo jambo hili si uganga. Ila lina mipaka, na mipaka yake nitaifikia.

Hatua ya kwanza ni kuchanganya. Siki yenye asilimia 5, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu. Hapo unapata kama asilimia 1.7 ya asidi, inatosha. Siki za kusafishia nyumba huwa kali zaidi. Hizo ziache kwa vioo na masinki. Ya kutengeneza mwenyewe kwa maganda ya matufaha ni nzuri kwenye kachumbari, lakini nguvu yake huijui, kwa hiyo isiguse mguu wa mbwa.

Hatua ya pili ni mguu mmoja tu. Weka gunia au mkeka mkavu chini ya beseni lisiteleze, chovya mguu mmoja, subiri. Mbwa akiuvuta ghafla, au akaanza kuulamba kwa pupa, kuna mchubuko ambao hukuuona. Suuza kwa maji safi, acha kazi. Siki kwenye nyama iliyo wazi inachoma na inazidisha jeraha. Akitulia, endelea na mingine, kila mguu dakika chache.

Hatua ya tatu ni kukausha, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wote ninaowajua wanapoharibu kazi. Wanachovya vizuri, wanafuta juujuu kwa taulo, wanamwachia mbwa, mbwa anakimbilia bustanini na miguu mibichi. Baada ya saa moja kati ya vidole kuna joto na unyevu, ndiyo hali ileile fangasi anayoipenda. Siki imefanya kazi ya dakika chache, unyevu unafanya kazi ya siku nzima.

Taulo haliingii kati ya vidole. Nilijaribu pamba, ikaacha nyuzi zilizonasa kwenye manyoya. Nilijaribu karatasi za jikoni, zikachanika na kubaki humohumo. Mashine ya kukaushia nywele Tomi haitaki hata kuisikia. Kilichonipa jibu ni kanga ya zamani ya mama yangu, iliyofuliwa miaka mpaka maandishi yake hayasomeki. Nikaichana vipande virefu, upana wa vidole viwili. Unashika mguu kwa mkono mmoja, unapitisha kipande kati ya vidole viwili, unavuta huku na huku kama mpiga rangi viatu wa stendi anavyong'arisha kisigino. Kipande kikilowa unachukua kingine. Mbwa ana vidole vinne vinavyokanyaga chini katika kila mguu, kwa hiyo zipo nafasi tatu. Usisahau mkunjo wa nyuma, kati ya vidole na ule mto mkubwa wa kukanyagia, maana unyevu hujificha humo kuliko mahali pengine pote. Kwa mbwa mwenye manyoya marefu, punguza kwanza kwa mkasi wenye ncha butu yale yanayochomoza kati ya mito.

Kanga lazima iwe ya pamba halisi na iwe imechakaa. Mpya haifai: ina wanga wa kiwandani, maji yanateleza juu yake. Kitenge cha nailoni ndiyo kabisa, kinasukuma maji badala ya kuyanywa. Shuka kuukuu la pamba linaweza kufanya kazi, lakini huwa zito na kona zake hazipiti kwenye nafasi nyembamba. Nimeyajaribu yote haya kwenye miguu ya Tomi, na kanga chakavu imeyashinda yote. Vipande hufuliwa kwa maji ya moto, huanikwa juani, vinatumika tena. Mama aliponiona navichana alinuna, akaniambia kanga ile alifungwa nayo siku dada yangu mkubwa alipozaliwa. Nilimwomba radhi, nikambakishia nusu. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayemkausha Tomi nikiwa kazini, na anamkemea asipotulia.

Kisha ujue namna ya kumshika. Mimi huanzia miguu ya nyuma, Tomi akiwa amelala ubavu, dagaa wakavu wasio na chumvi wakiwa karibu. Kila nafasi ikikauka anapata dagaa mmoja. Siku hizi akiona beseni linatoka, anakuja mwenyewe na kujilaza kibarazani. Nikimaliza namweka ndani kwenye sakafu ya saruji, mbele ya feni, mpaka miguu iwe mikavu kabisa. Msimu huu wote hajalamba usiku, na manyoya mapya yameota kati ya vidole, meupe. Nafurahi kila ninapoyaona.

Kuhusu siki gani ununue. Watu wanasifu sana ile yenye ukungu chini, wanayosema ina mama yake. Ule ukungu ni selulosi na bakteria waliochachusha siki, hauna dhara. Kampuni ya Bragg ya Marekani ndiyo iliyoipa siki ya namna hiyo jina kubwa, na ni siki nzuri ya kula. Lakini kwa miguu ya mbwa unalipia sifa. Asidi ni ileile iliyomo kwenye siki ya tufaha iliyochujwa, au hata siki nyeupe ya kawaida. Mimi nanunua ya bei ya kati, iliyoandikwa imetokana na tufaha na ina asilimia 5. Rafuni naigeuza kwanza nyuma, na kama kuna bandiko lililofunika maandishi, nalibandua kabla ya kufika kaunta.

Masikio. Wengi wanamimina siki sikioni, na hili linanikera. Tundu la sikio la mbwa linashuka wima, kisha linakata kona kuelekea ndani, kwa hiyo ulichomimina hukioni kilikoishia. Kama kiwambo cha sikio kimetoboka, kinaingia mahali ambapo kinaweza kuleta madhara makubwa. Mimi nafuta tu sehemu inayoonekana, kwa kitambaa kilicholoweshwa mchanganyiko uleule na kukamuliwa. Mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, akilia ukimgusa, au sikio likitoa usaha, usimguse na siki. Mpeleke aangaliwe ndani kwa kifaa.

Nije kwenye kumnywesha, maana ndilo swali ninaloulizwa kila mara. Habari ya siki kuwa dawa ya kila kitu ina historia ndefu, lakini aliyeipa mbio kubwa ni daktari D. C. Jarvis wa jimbo la Vermont, Marekani, aliyeandika kitabu Folk Medicine mwaka 1958 akisifu siki na asali, pamoja na habari za ng'ombe waliochanganyiwa siki kwenye chakula. Kutoka kwa ng'ombe wa Vermont imefika mpaka kundi la WhatsApp la mtaa wetu, ambako mtu anaandika kwamba kijiko cha siki kwenye bakuli la maji kinafukuza kupe kutoka ndani. Sikubaliani naye hata kidogo. Mbwa wengi wakinusa siki kwenye maji wanayaacha. Kwa joto la Dar, mbwa anayeacha maji ana hatari kubwa kuliko faida yoyote anayoahidiwa.

Na kupe hawaondoki kwa siki. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi kwenye nyufa za ukuta na za banda, jike mmoja anataga mayai kwa maelfu, na ndiye anayebeba vijidudu vya magonjwa vya Ehrlichia na Babesia. Jirani yangu alimnywesha mbwa wake siki kwa kuamini ujumbe ule, akaacha dawa ya kuogeshea. Niliitwa mbwa aliposhindwa kusimama. Nikafunua mdomo: ufizi mweupe kama karatasi. Tulimbeba mpaka kwa daktari, damu ikapimwa, ikakutwa na Babesia, wale vijidudu wanaovunja chembe nyekundu za damu. Alitibiwa siku hiyohiyo na akapona, na jirani akaifuta ile meseji kwenye simu yake mbele yangu. Kwa kupe tumia dawa ya kupe. Vipo vidonge vya fluralana, kimoja kinaweza kumlinda mbwa hadi wiki 12, na vipo vya afoksolana vya kila mwezi. Dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi usiipime kwa macho. Ikizidi inamlewesha mbwa na inaweza kumuua. Na banda lifagiliwe, nyufa zizibwe.

Kwa hiyo siki kwangu ni ya miguu, juu ya ngozi nzima, baada ya tope. Ukimwona mbwa wako ana ufizi uliopauka, anatoka damu puani, au anakojoa mkojo wa kahawia, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.