SOMO LETU: UKUNGU WA USAMBARA NA MCHE WA MKARAFUU

Mwanachama aliyepata kufika Lushoto huenda aliuona msitu wa Magamba, ulio juu ya mji huo katika milima ya Usambara. Mara nyingi asubuhi ukungu huufunika, hata mti ulio hatua chache mbele ya mtu usionekane. Humo hukua mkulo, mti ambao gome lake hunukia kafuri. Wataalamu wa mimea waliupa jina la milima yenyewe, Ocotea usambarensis. Mkulo uliokomaa waweza kupita mita 35, na mkarafuu wetu kwa kawaida haupiti mita 15. Kila mti una kimo cha asili yake, lakini yako na mambo ya maji, nayo ndiyo yatufaayo sisi wakulima.

Tujiulize kwanza: maji hupandaje hadi kileleni? Mti hauna moyo wala pampu. Jua na upepo huyatoa maji majanini, na maji yatokayo huvuta mengine nyuma yake, tangu mizizini, katika vijia vyembamba kama unywele. Maji hayo ni kama uzi mmoja uliovutwa. Kadiri mti unavyorefuka, ndivyo uzi unavyovutwa kwa nguvu zaidi. Majani yakipoteza maji upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta, uzi hukatika, hewa huingia, na mti huanza kukauka.

Hapo ndipo ukungu unapousaidia mkulo. Pepo za Bahari ya Hindi, zile zile zipitazo visiwani kwetu, hufika Usambara zikapanda mlima. Hewa ikipanda hupoa, na mvuke wake huwa matone madogo sana. Huo ndio ukungu. Kazi yake ni mbili. Kwanza, hupunguza ukali wa jua, majani yakapoteza maji kidogo. Pili, matone hunaswa na majani na mimea midogo iliyoota juu ya magome, yakadondoka chini hata siku isiyo na mvua.

Ndivyo ilivyo na kwingineko. Katika pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada, penye ukungu wa bahari, sprusi ya Sitka, jamaa ya misonobari, hupita mita 90. Huko pia uko mti uitwao redwood unaokaribia mita 116. Hapa Afrika, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mkukusu mmoja umepimwa Kilimanjaro, katika bonde lenye unyevu, ukaonekana kuwa na mita 81.5.

Sasa turudi shambani. Vilima vyetu ni vifupi, havina ukungu wa namna hiyo. Lakini mche wa mkarafuu una mizizi michache, na uzi wake wa maji hukatika kwa urahisi. Mche ukifa kiangazi cha kwanza, hasara si mche tu. Mkarafuu huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, nayo hesabu hiyo huanza upya.

Basi wanachama tufanye haya:

1. Tupande mwanzo wa masika, mizizi ipate kushika kabla ya jua kali.

2. Tuutie mche kivuli cha makuti, au tuupande kati ya migomba au mihogo. Kivuli tukipunguze kidogo kidogo, si kwa siku moja.

3. Tutandaze majani makavu kulizunguka shina, yasiliguse, ili udongo usikauke.

4. Wakati wa kiangazi tumwagilie jioni, si adhuhuri.

5. Tusiikate miti izuiayo upepo pembeni mwa shamba kwa ajili ya kuni. Upepo hukausha majani kama jua.

Mkulo wa Magamba umepewa ukungu na mlima wake. Mche wetu hauna mlima. Kivuli chake ni kazi ya mikono yetu.