Mtandao Mzito na Mlinzi Aliye Getini

Mkazi anayefuata namba ya kumbukumbu ya malipo ya leseni ya biashara saa nne asubuhi hukuta foleni, na akifika dirishani huambiwa kwamba mtandao uko chini. Saa hiyo hiyo, katika kituo cha afya, karani wa mapokezi hungoja jalada la mgonjwa lifunguke huku mama mwenye mtoto mgongoni akisubiri. Mara nyingi mtandao huwa haujakatika. Umekuwa mzito tu. Miongoni mwa sababu za uzito huo ipo moja ambayo wananchi hawaelezwi mara kwa mara, nayo ni kifaa cha kuzuia uvamizi. Makala haya yanaeleza namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, na namna Afisa TEHAMA anavyoweza kupata mahali penye msongamano pasipo kukizima.

Taarifa husafiri mtandaoni zikiwa zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kifaa cha kugundua uvamizi hupewa nakala ya pakiti hizo, hivyo kikichelewa kusoma, mwananchi hahisi lolote. Kifaa cha kuzuia uvamizi hukaa njiani kabisa, mithili ya mlinzi wa getini anayefungua kila kikapu. Pakiti haipiti mpaka ilinganishwe na orodha ya alama za mashambulizi yanayojulikana. Mlinzi akielemewa, foleni hujaa na pakiti nyingine hutupwa. Kompyuta iliyozituma, ikiona hazijafika, hupunguza mwendo wake na kuzituma upya. Ndiyo maana upotevu wa pakiti chache tu huweza kushusha kasi kwa kiwango kikubwa, na mwananchi huona kiduara kikizunguka kwenye skrini.

Namba iliyochapishwa kwenye kasha la kifaa haitoshi kuaminiwa. Njia ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijaa pakiti kubwa za kawaida, zenye baiti 1,500, hupitisha pakiti zipatazo 81,000 kila sekunde. Njia hiyo hiyo ikijaa pakiti ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa, idadi hufika karibu milioni 1.49. Sehemu kubwa ya kazi ya mlinzi huhesabiwa kwa kila pakiti. Kwa hiyo kifaa kilichopimwa kiwandani kwa pakiti kubwa, pengine ukaguzi ukiwa umezimwa, huweza kushindwa kabisa na kazi halisi ya ofisi. Anayeandaa zabuni ya kununua kifaa angefanya vyema kudai kasi iliyopimwa ukaguzi wote ukiwa umewashwa.

Uchunguzi huanza kwa vipimo. Kwa programu ya bure iitwayo iperf3, kasi hupimwa kwanza kati ya kompyuta mbili zilizo upande mmoja wa kifaa, kisha kati ya kompyuta mbili ambazo kifaa kiko katikati yake. Kipimo cha tatu hurudia cha pili, ukaguzi ukiwa umezimwa kwa dakika chache. Hicho hufanywa baada ya saa za kazi, kwa kibali cha maandishi, na muda wa kuuwasha tena huandikwa kabla ya kuuzima. Iwapo kasi bado ni duni, mlinzi hana hatia. Hapo hukaguliwa kebo, kiasi cha intaneti kilicholipiwa, na swichi ambayo upande mmoja umewekwa kutuma na kupokea kwa pamoja ilhali upande wa pili unafanya hivyo kwa zamu. Kosa hili la mwisho ni la kizamani, lakini bado hutokea.

Iwapo kasi imepanda, mlinzi ndiye aliyeelemewa, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Hutazama wastani wa matumizi ya prosesa, wakaona asilimia 25, wakahitimisha kwamba kifaa kina nafasi tele. Katika prosesa yenye viini vinne, asilimia 25 huweza kumaanisha kwamba kiini kimoja kimejaa pomoni na vitatu vimelala. Pakiti za muunganisho mmoja hukaguliwa kwa mpangilio wake, hivyo kwa kawaida hupelekwa kwenye kiini kimoja. Programu ya Snort, iliyoanzishwa na Martin Roesch mwaka 1998, kwa miaka mingi ilifanya ukaguzi wake kwa mtindo wa mstari mmoja, hadi toleo la 3 lilipokuja mwaka 2021 na kuugawa. Suricata iligawa kazi tangu mwanzo, lakini muunganisho mmoja mkubwa bado huweza kuelemea kiini kimoja.

Chukua mfano wa nakala rudufu ya kumbukumbu za ardhi inayotumwa kwenye seva nyingine kuanzia saa tatu asubuhi. Muunganisho huo hukijaza kiini chake, na kila mwananchi ambaye pakiti zake zimeangukia kiini hicho hupata adha. Tiba yake haihitaji fedha: nakala itumwe usiku. Isipowezekana, Suricata huweza kuagizwa iukague mwanzo wa muunganisho huo unaojulikana, kisha iuachie uliobaki upite.

Orodha ya alama nayo hupunguzwa. Orodha za bure zina makumi ya maelfu ya alama, nyingi zikihusu programu ambazo Halmashauri haina. Hata hivyo, kupunguza kunahitaji daftari la vifaa vilivyopo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea kupitia huduma ya kushirikiana mafaili ya Windows na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza, ingawa marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Machi. Ofisi yenye kompyuta za Windows haina ruhusa ya kufuta alama za namna hiyo eti foleni ipungue.

Kuna pia hatari isiyoonekana. Baadhi ya vifaa, vikielemewa, huachia pakiti zipite bila kukaguliwa. Kasi hurudi, dirisha la malipo hufurahi, na mlinzi amesinzia. Kwa sababu hiyo hesabu ya pakiti zilizotupwa na zilizopita bila ukaguzi husomwa kila wiki, pamoja na kasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na majalada ya wagonjwa yamo humo.

Mkazi anaweza kusaidia uchunguzi huu. Akikwama dirishani, amwandikie Afisa Mtendaji wa Kata siku, saa, ofisi, na huduma aliyoifuata. Taarifa tatu za saa tatu asubuhi, kutoka ofisi tofauti, humwonyesha Afisa TEHAMA pa kuanzia kuliko malalamiko mia yasiyo na saa.