Nyumba ya Mitumba Juu ya Trela

Kodi ya pango katika miji ya Marekani imewafanya wengi, wakiwamo wasomaji wetu walioko huko, waulize habari za nyumba ndogo zinazojengwa juu ya trela. Fundi seremala anajibu.

Kweli mtu anaweza kuijenga kwa vifaa vilivyotupwa?

Anaweza, na wapo waliofanya. Mwaka 2004 Dee Williams wa Olympia, jimbo la Washington, alijijengea nyumba isiyofika mita za mraba 8 kwa takriban dola 10,000, sehemu kubwa ikiwa vifaa vya kuokoteza. Alikuwa amegundulika ana ugonjwa wa moyo, akaamua kuachana na nyumba kubwa na madeni yake. Lakini tuelewane: vya kuokoteza ni milango, madirisha, sinki, mbao za sakafu. Trela haimo.

Kwa nini? Nimeona karavani kuukuu kwa bei ya kutupa. Si nibomoe juu nibaki na chasisi?

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Chasisi ya karavani ilitengenezwa kubeba kuta za bati jepesi na plaiwudi nyembamba. Wewe unataka kuipandishia nyumba ya mbao ya mita 6, ambayo ikikamilika mara nyingi hufika tani 4 au zaidi. Chuma kitapinda, na pengine utalijua hilo ukiwa barabara kuu.

Tafuta trela bapa ya mizigo yenye ekseli mbili, kila moja ya kubeba kama tani 3.2, na breki za umeme. Ikiwa ni ya mtumba, lala chini yake na nyundo. Gonga chuma, chunguza kutu palipochomelewa, tazama matairi yana umri gani. Kisha dai hati ya umiliki kabla hujatoa hata senti, maana trela isiyo na hati ni shida kuisajili, na nyumba yako itakuwa imeshasimama juu yake.

Nianze na ramani au na vifaa?

Madirisha na mlango kwanza, ramani baadaye. Ukitanguliza ramani utazunguka miezi ukitafuta dirisha la kipimo ulichochora, mwishowe utanunua jipya. Maduka ya ReStore, ya shirika la Habitat for Humanity, huuza vifaa vya ujenzi vilivyotolewa msaada. Wakandarasi wa kubomoa nao husikiliza ukiwahi kabla tingatinga halijaingia. Ila dirisha la kioo kimoja, hata liwe zuri vipi, wakati wa baridi litatiririka maji ndani, na chumba kikiwa kidogo hivyo unyevu huo huishia kwenye godoro.

Chora ukikumbuka mipaka ya barabara: upana mita 2.6, na urefu kutoka lami hadi kilele cha paa mita 4.1 katika majimbo mengi. Ukivuka hapo, kila safari itahitaji kibali maalumu.

Vipi mbao za paleti?

Soma mhuri. HT maana yake mbao zimepashwa moto. Hizo hazina neno. MB zimefukizwa kwa sumu ya methyl bromide, ziache. Zisizo na mhuri au zenye madoa ya mafuta, ziache pia. Mataruma ya reli yaliyolowekwa kreosoti yasiingie ndani kabisa. Na mlango uliopakwa rangi kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani, usiupige msasa mkavu: vumbi lake hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Kwa upande wangu paleti sizipendi. Kazi ya kung'oa misumari yake haina malipo.

Misumari au skrubu?

Skrubu, na gundi ya ujenzi. Fremu ya kuta ifungwe kwa bolti kwenye chasisi.

Nitajuaje uzito?

Ivute hadi kwenye mizani ya malori fremu ikisimama, na tena kabla ya kupachika jiko na makabati. Mbao za mwaloni kutoka nyumba za kale zinapendeza, lakini ni nzito. Uzito unaoegemea ndoano ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukipungua, trela itayumba ukiongeza mwendo. Kwa hiyo usirundike vizito vyote nyuma ya ekseli, wala upande mmoja: tangi la maji la lita 150 likijaa ni kilo 150.

Nitaruhusiwa kuishi humo?

Swali hili ningelipenda liwe la kwanza. Miji mingi huihesabu kama karavani na haikuruhusu kuishi humo mwaka mzima. Portland, Oregon, ililegeza mwaka 2021: unaweza kuiweka uani kwenye kiwanja cha makazi na kuishi humo. Kwingineko, nenda ofisi ya mipango miji ya mahali utakapoiegesha, si mahali utakapoijengea, na uombe jibu kwa maandishi.