Mtoto Mwenye Usonji Anapopigwa Picha Hospitalini

Katika somo hili twataka kufundishana jinsi ya kumtunza mtoto mwenye usonji siku anapopelekwa hospitalini kupigwa picha za ndani ya mwili. Twawaandikia wazazi, na pia walimu wa usharika, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaoombwa kuwasindikiza.

1. Usonji ni nini?

Usonji si laana, wala si uchawi, wala hauambukizi. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo wa maisha yake. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore katika Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Baada yake walikuwako wataalamu waliowashutumu akina mama, wakisema ya kuwa ubaridi wa moyo wao ndio ulioleta hali hii. Shutuma hiyo imekwisha kukataliwa. Asiwepo mtu wa kuirudia kwetu.

Mtoto huyu huona taabu kuelewana na watu. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema vizuri, lakini hawatambui maana iliyofichwa katika maneno. Wengi hupenda kila jambo liende kwa desturi ileile. Tena hisi zao huweza kuwa kali: sauti tusiyoijali sisi, kwao ni kama radi, na mkono wa mgeni huwasumbua kama upupu.

2. Kwa nini apigwe picha?

Hakuna picha inayoonyesha usonji. Waganga huutambua kwa kumwangalia mtoto na kuwauliza wazazi wake. Picha hupigwa kwa sababu nyingine: ameanguka, amemeza kitu kigumu, au ana kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Asiyeweza kusema, "Naumwa hapa," picha yamsemea. Kwa hiyo haifai kuiacha kwa kuogopa fujo. Lakini picha yataka utulivu. Mtoto akitikisika, picha huingia ukungu, na huenda ikabidi kurudiwa. Hapo ndipo penye shida yote.

3. Vyombo vinavyotumika

Eksirei ni miale aliyoigundua Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Picha yenyewe huchukua chini ya sekunde moja, wala haiumizi. Kinachotisha ni chumba kigeni, ubao baridi, na kuwekwa mkono au mguu namna mtoto asiyoitaka. Katika CT kitanda huingia ndani ya duara kubwa, na kazi huisha kwa dakika chache. Vyombo hivi viwili hutumia mionzi, kwa hiyo si vema kurudia picha bila sababu.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu nyingi, wala haina mionzi hiyo. Lakini mtoto hulala ndani ya tundu jembamba, mara nyingi dakika 20 hadi 60, katikati ya makelele ya kugonga yanayoweza kupita desibeli 100. Hata watu wazima huzibwa masikio. Ultrasaundi haina mionzi wala makelele hayo, ila hupakwa ute wa baridi, na mtoto asiyependa kuguswa aweza kuukataa.

4. Matengenezo kabla ya siku yenyewe

Kwanza, hospitali ijulishwe mapema. Mzazi aseme ni nini kinachomtisha mtoto, ni nini kinachomtuliza, na jinsi anavyoonyesha maumivu. Aombe nafasi ya kwanza asubuhi, ili mtoto asichoshwe na foleni. Mtaalamu wa mionzi aijua mashine yake. Mama amjua mtoto wake. Wote wawili wahitajiana.

Pili, mtoto azoezwe nyumbani. Chora picha kwa mfuatano: gari, lango la hospitali, chumba, kitanda, kisha kurudi nyumbani. Alale chini ya meza huku mama akigonga sufuria taratibu na kuhesabu hadi 10, kesho hadi 20. Jambo lililozoewa hupoteza nusu ya kitisho chake.

Tatu, maneno yawe machache na ya kweli. Asiambiwe, "Twaenda sokoni." Akidanganywa leo, kesho hatapanda gari. Tena tuangalie lugha yetu. Twasema "kupigwa picha"; lakini mtoto anayeyapokea maneno kama yalivyo aweza kusikia "kupigwa" tu, akatazamia fimbo. Afadhali aambiwe, "Mashine itautazama mguu wako. Wewe utalala kimya. Kisha twarudi nyumbani."

Nne, achukue kitu anachokipenda, kama kitambaa au mwanasesere. Kwa MRI kisiwe na chuma chochote, na wahudumu wakikague kwanza.

Tano, mzazi aombe kukaa karibu naye. Penye mionzi, akiruhusiwa, avae vazi la risasi la kujikinga. Na mama mwenye mimba aseme kabla ya kuingia.

5. Akikataa, tufanyeje?

Wengine huwaita watu wanne wamshike kwa nguvu. Huenda picha ikapatikana, lakini tangu siku hiyo mtoto hulikimbia hata lango la hospitali, naye bado atauhitaji uganga maisha yake yote. Ikiwa si jambo la haraka, apumzishwe, au aletwe siku nyingine. Ikiwa ni la haraka, daktari ataamua.

Dawa ya usingizi ni msaada, wala si aibu. Ila ina hatari zake, kwa hiyo hutolewa pale utulivu usipopatikana kwa njia nyingine. Mzazi azishike sana amri za kufunga kula. Kwa kawaida chakula huachwa muda wa saa 6 au zaidi kabla ya dawa. Asimpe mtoto hata kipande cha mkate kwa siri kwa kumhurumia, maana chakula chaweza kurudi kooni na kuingia mapafuni, na mtoto akafa. Akiwa anatumia dawa ya kifafa, asiikatishe mwenyewe, amwulize daktari.

6. Kazi yetu sisi wengine

Tumwonapo mtoto akipiga kelele penye foleni, tusimwambie mama, "Mtoto wako hana adabu." Yule halii kwa ukaidi, analia kwa sababu amezidiwa. Tumpishe mbele. Na watu wa usharika wabaki na ndugu zake nyumbani, ili mama aende na akili iliyotulia, kwa maana hofu ya mama mtoto huiona upesi.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika usharika wetu ni mtoto gani aliyefichwa nyumbani, ambaye angalifaa kupelekwa kwa daktari?
2. Ni maneno gani mengine tunayoyatumia hospitalini yanayoweza kumtisha mtoto wa namna hii?
3. Nani atamsindikiza mama yake safari ijayo?