Tokeni za Msitu: Kabla Kijiji Hakijatia Sahihi

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Anayelihifadhi nyumbani hawezi kulifungua peke yake. Siku ya mkutano fedha humwagwa mkekani, zikahesabiwa wanachama wote wakitazama. Ukilielewa sanduku hilo, umeshaielewa nusu ya blokicheni. Nusu iliyobaki ni daftari: badala ya kukaa kwa mwekahazina, nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na mstari ukishaandikwa, atakayejaribu kuufuta ataumbuliwa na nakala nyingine.

Sasa wanakuja wageni na vishikwambi vyao, wakisema msitu wenu unaweza kuleta fedha kwa njia hiyo. Hawauzi miti. Kila tani ya hewa ukaa ambayo msitu umeinyonya, au iliyozuiwa kwa kutokata miti, hutolewa hati. Hati hugeuzwa tokeni, yaani alama ya kidijitali kwenye daftari hilo, na tokeni hununuliwa na kampuni au mtu aliye mbali. (Si tokeni ya umeme, ingawa ukikosea tarakimu, zote mbili hukuacha gizani.)

Ijulikane kwamba kaboni, yaani hewa ukaa hiyo, huuzwa hata bila tokeni. Gazi, pwani ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu 2013 chini ya kiwango cha Plan Vivo. Ni hekta 117 tu, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yake yamekwenda kwenye maji na shule. Kilichojenga imani pale ni wanakijiji wa Gazi na Makongeni kuamua wenyewe matumizi ya fedha, na mikoko kupimwa kweli kweli, watu wakiwa matopeni.

Blokicheni inaongeza nini? Inaonyesha kila tani iliuzwa lini na kwa nani, hivyo ni vigumu kuuza tani moja mara mbili. Inaweza pia kupunguza madalali kati ya mnunuzi na kijiji. Lakini daftari halioni mti. Likiandikiwa uongo, litautunza uongo huo milele.

Hilo si la kufikirika. Kuanzia Oktoba 2021, kupitia mfumo wa Toucan, hati nyingi za zamani ambazo wanunuzi walikuwa hawazitaki ziligeuzwa tokeni na kupata soko jipya. Mei 2022 Verra, wasajili wakubwa wa hati hizo, walipiga marufuku kutengeneza tokeni kwa hati zilizokwisha kufutwa, kama zilizotumika, kwenye daftari lao. Tokeni ya KlimaDAO, mradi uliotegemea tokeni hizo za kaboni, iliyopita dola 3,000 Oktoba ile, haikufika hata dola 5 mwishoni mwa 2022. Kijiji ambacho kingelipwa kwa tokeni hiyo kingebaki na nini?

Kwa hiyo dai la kwanza liwe kulipwa kwa shilingi, kwa bei iliyoandikwa mkatabani. Ulizeni nani atapima msitu, na nani atamlipa huyo mpimaji. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, maana wengine husaini mambo yatakayowafunga wajukuu. Kwa Kenya, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa miradi ya ardhini. Mgeni akitaja pungufu, mwonyesheni mlango. Kwa Tanzania, kumbukeni tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Tena suala hili lisiishie kwa kamati ya maliasili. Lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili.

Halafu funguo, iwapo tokeni zitapita mikononi mwenu kabla ya kuuzwa. Pochi ya kidijitali, inayohifadhi tokeni, inaweza kuwekwa masharti kama ya lile sanduku: watu watano wana funguo, na tokeni hazitoki mpaka watatu wakubali. Msikubali pochi ya mtu mmoja, hata awe mwenyekiti mwenyewe. Kila mwenye ufunguo hupewa maneno ya siri, kwa kawaida 12 au 24, na yakipotea hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Msiyapige picha kwa simu. Yaandikeni kwa wino, na karatasi ikae mahali ambapo mchwa hawafiki.